Vittorio Sella na Ushahidi wa Milima ya Mwezi

Milima inayouzunguka upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, ile ya Mitumba ambayo mkazi wa Gihosha, mtaa wa Bujumbura, huiona ng'ambo ya bonde la Rusizi jua linapoelekea kuzama, na ile inayoanza kupanda nyuma ya mtaa huo kuelekea mashariki hadi mgongo unaogawa maji ya Kongo na ya Nili, iliwahi katika karne ya 19 kupewa na wachoraji wa ramani wa Ulaya jina lililotamaniwa kuliko mengine yote katika jiografia ya Afrika, yaani Milima ya Mwezi. Jina hilo lilitoka katika maandishi ya Ptolemaio, mwanajiografia wa Aleksandria aliyeishi katika karne ya 2, ambaye aliandika kwamba Nili hulishwa na maziwa ambayo nayo hupokea theluji ya milima hiyo. John Hanning Speke, aliyefika Uvira kwa mtumbwi pamoja na Richard Burton mwezi Aprili 1858, aliichora milima ya ncha ya ziwa kwa umbo la hilali na kuiandikia jina la Ptolemaio, ingawa hapakuwa na theluji wala barafu juu yake, na ingawa kilele kirefu kuliko vyote vya Burundi, Heha, kilichoko mashariki ya Bujumbura, hakifiki hata mita 2,700.

Baada ya Speke alikuja Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, ambaye mwaka 1892 alivuka Urundi, yaani Burundi ya leo, na kutangaza kwamba ameiona milima hiyo kwenye chemchemi za mito inayoingia Mto Kagera, kwa sababu wenyeji walimtajia jina alilolinakili kuwa Missosi ya Mwesi. Dai hilo lisichukuliwe kuwa upuuzi mtupu, kwa maana lilisimama juu ya jambo la kweli la lugha na la utawala: imisozi kwa Kirundi ni milima, na Mwezi lilikuwa jina la kifalme, ambalo wakati huo lilibebwa na mwami Mwezi Gisabo, mtawala aliyeishikilia nchi yake kwa zaidi ya nusu karne hadi alipofariki mwaka 1908. Kwa hiyo milima ya mfalme Mwezi ilikuwepo, na ipo hadi leo. Kilichokosekana ni barafu ya Ptolemaio, na kosa la Baumann, kama lile la Speke kabla yake, lilikuwa la kulipa jina uzito ambao ungestahili kupewa jicho.

Jicho lenyewe, hata hivyo, halikuwa na kazi rahisi katika sehemu hii ya Afrika. Ruwenzori, safu iliyoko mpakani mwa Uganda na Kongo, kaskazini mwa Burundi kwenye ufa uleule mkubwa wa ardhi ulioshika Ziwa Tanganyika, hufunikwa na mawingu siku nyingi za mwaka, kiasi kwamba wasafiri kadhaa walipita karibu na miguu yake bila kujua kuwa juu yao kuna vilele vyeupe. Romolo Gessi, Mwitalia aliyekuwa akiitumikia Misri, aliona mwaka 1876 kitu kama milima ya theluji kikielea angani, asiweze kukithibitisha. Henry Morton Stanley, ambaye huko nyuma alikuwa amepiga kambi karibu na eneo hilo bila kuona theluji, ndiye aliyeitangazia Ulaya habari za safu hiyo baada ya mawingu kumfungukia mwezi Mei 1888, wiki chache baada ya wenzake wawili wa msafara kuiona. Kutoka hapo ilibaki miaka 18 ya kubahatisha: wapandaji kadhaa waliufikia ukingo wa barafu na kurudi, kila mmoja akiwa na hesabu yake ya urefu na mpangilio wake wa vilele. Maneno yalikuwa mengi, na kila ukungu uliposhuka yaliongezeka.

Mtu aliyehitajika ili kubahatisha huko kukome alipaswa kuwa na ufundi wa aina mbili ambao si kawaida kukutana katika mwili mmoja, ule wa kupanda mwamba na barafu, na ule wa kuunasa mwanga juu ya kioo. Vittorio Sella alikuwa nao wote wawili, na alikuwa ameurithi karibu kama mtoto wa fundi chuma anavyourithi mvukuto.

Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1859 katika mji wa Biella, chini ya milima ya Alpi kaskazini-magharibi mwa Italia, katika ukoo uliotajirika kwa viwanda vya nguo za sufu. Baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, alikuwa mtaalamu wa kemia ya rangi aliyechapisha mwaka 1856 kitabu kiitwacho Plico del fotografo, kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa mafunzo kamili ya kwanza ya upigaji picha katika lugha ya Kiitaliano. Mtoto alikua ndani ya harufu za dawa za picha kabla ya kujua matumizi yake. Baba yake mdogo alikuwa Quintino Sella, waziri wa fedha wa Italia mpya, ambaye mwaka 1863 alianzisha mjini Torino chama cha wapanda milima cha taifa hilo. Vittorio hakuchagua kati ya urithi huo na ule. Aliuunganisha, na ushahidi wa kwanza ni picha pana aliyoipiga juu ya mlima wa nyumbani kwao akiwa kijana wa takriban miaka 20.

Picha pana, ambayo kwa jina la kigeni huitwa panorama, ni mfululizo wa picha zinazopigwa kutoka sehemu moja huku kamera ikizungushwa kidogo kidogo, ili zikiunganishwa zionyeshe upeo wote wa macho bila pengo. Kuipiga wakati huo kulikuwa kazi ya kuchosha mno, kwa sababu njia iliyotawala ilikuwa ya kolodioni, utomvu wa kemikali uliomwagwa juu ya kioo na kutumiwa ukiwa bado mbichi, na kwa hiyo mpigapicha alilazimika kupandisha mlimani hema la giza pamoja na chupa za dawa, kukiandaa kioo, kukipiga na kukiosha kabla hakijakauka. Njia ya sahani kavu, ambamo kioo kilipakwa jelatini yenye chumvi za fedha zinazobadilika zikiguswa na mwanga, na kikaweza kuhifadhiwa kwa miezi kabla na baada ya kupigwa, ilienea hasa katika miaka ya 1880, na bila hiyo safari za mbali za Sella zisingewezekana hata kidogo.

Katika milima hiyohiyo ya Alpi ndiko alikojipatia pia jina kama mpandaji. Mwezi Machi 1882, akiwa na waongoza milima wa ukoo wa Carrel, alikuwa wa kwanza kufika kilele cha Matterhorn wakati wa baridi, na mwaka 1888 aliongoza safari ya kwanza ya kuvuka Mont Blanc katika majira hayohayo. Katika milima ya Alpi baridi huua haraka, lakini hewa yake huwa kavu na safi, na mwanga wake wa chini huchonga kila ufa wa barafu kwa kivuli. Mtu anayezitazama picha za Sella za miaka hiyo huelewa kwamba upandaji wa majira ya baridi haukuwa tu ushindani wa sifa, bali ulikuwa sehemu ya uamuzi wa kipicha. Kamera yake ya wakati huo ilibeba sahani za kioo za sentimita 30 kwa 40, na kila sahani ilikuwa na uzito unaokaribia kilo moja. Kwa nini mtu apande na mzigo kama huo? Jibu liko katika kioo chenyewe: kadiri kilivyokuwa kikubwa ndivyo kilivyohifadhi vitu vidogo zaidi, hata mwanajiolojia au mchora ramani akiitazama picha kwa kioo cha kukuzia aweze kuhesabu matabaka ya mwamba na nyufa za barafu zilizoko kilomita nyingi kutoka kwenye kamera.

Kutoka Alpi alikwenda Kaukazi mara tatu, mwaka 1889, 1890 na 1896, na picha alizorudi nazo zikawa msaada kwa wachora ramani wa eneo ambalo Ulaya ililijua kwa sehemu tu. Mwaka 1897 alijiunga na Luigi Amedeo wa Savoia, mwana mfalme wa Italia na ofisa wa jeshi la majini aliyejulikana kwa cheo cha Duke wa Abruzzi, katika safari ya kwanza kufika kilele cha Saint Elias huko Alaska, chenye mita 5,489, na Sella alikuwa miongoni mwa waliosimama juu yake tarehe 31 Julai. Miaka miwili baadaye aliuzunguka mlima Kangchenjunga katika Himalaya pamoja na Mwingereza Douglas Freshfield. Alipoitwa na Duke huyo kwenda Afrika alikuwa na umri wa miaka 46, na hapakuwa na mpigapicha mwingine duniani aliyekuwa na mazoea kama yake ya barafu.

Msafara wa Ruwenzori uliondoka Napoli katikati ya Aprili 1906, ukashuka Mombasa, ukapanda treni ya reli iliyokuwa imefika ziwani miaka mitano tu kabla, ukavuka Ziwa Viktoria hadi Entebbe, kisha ukatembea kwa miguu hadi Fort Portal, ambako uliwasili mwishoni mwa Mei. Pamoja na Duke na Sella walikuwamo ofisa wa majini Umberto Cagni, daktari Achille Cavalli Molinelli, mwanajiolojia Alessandro Roccati, msaidizi wa Sella aliyeitwa Erminio Botta, na waongoza milima kutoka bonde la Aosta, wakiwamo Giuseppe Petigax na César Ollier. Wapagazi walihesabiwa kwa mamia. Njia ilifuata bonde la mto Mobuku, kupitia msitu wa mianzi na miti iliyovikwa kuvumwani, hadi kwenye mwamba unaoinama kama paa, uitwao Bujongolo, karibu na mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, na hapo ndipo kambi kuu ilipowekwa.

Ni lazima kusimama kidogo hapa, kwa sababu simulizi nyingi za upandaji wa Ruwenzori hukimbilia kileleni na kuacha bonde. Watu waliobeba mizigo kutoka nchi za chini hawakuwa na desturi wala nguo za baridi ya Bujongolo, na kazi ya kwenda juu ya hapo iliwaangukia Wakonjo, wenyeji wa miteremko ya safu hiyo, jamii moja na Wanande wa upande wa Kongo. Ndio waliojua palipo na mapango, wapi tope la mabonde linakanyagika na wapi linameza mguu hadi pajani, na ndio waliokuwa na jina la kile ambacho Ulaya ilikuwa ikikitafuta tangu Ptolemaio. Waliita theluji Nzururu, na kwao haikuwa ajabu ya kijiografia bali makao ya nguvu za kiroho zinazosimamia uhai wa mlima na wa watu. Historia iliyoandikwa imehifadhi majina ya wabebaji na waongozaji wa Kiitaliano mmoja mmoja, lakini Wakonjo wametajwa humo kama kundi, na hilo ni pengo ambalo hakuna sahani ya kioo inayoweza kuliziba, hata pale nyuso zao zinapoonekana.

Tarehe 18 Juni 1906 Duke na waongozaji wake walifika juu ya vilele viwili virefu kuliko vyote, na akaviita Margherita na Alexandra, kwa majina ya malkia wa Italia na wa Uingereza. Margherita, ambacho leo huhesabiwa kuwa na mita 5,109, ni kilele cha mlima wa tatu kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Wakati Duke alipokuwa akipanda kilele baada ya kilele, Sella alikuwa na kazi ya namna nyingine, ambayo mtu asiyewahi kuifanya huweza kuidhania ni ya kupumzika. Alipaswa kufika kwenye mgongo wa mwamba au barafu unaoelekea milima anayotaka kuionyesha, kusimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu kabla ya ukungu, na kungoja. Ruwenzori hufunguka kwa dakika, mara nyingi alfajiri, na mawingu hupanda kutoka misitu ya Kongo na ya Uganda kwa pamoja. Picha pana inayohitaji sahani kadhaa mfululizo inaweza kuharibika ikiwa wingu moja litapita kati ya sahani ya tatu na ya nne. Isitoshe, unyevu ni adui mkubwa wa jelatini, ambayo ikilowa huvimba na kubanduka kwenye kioo, na katika safu ambayo kila kitu hutiririka maji, kuzilinda sahani zisiharibike kulihitaji uangalifu uleule wa kuulinda moto.

Kazi aliyoitoa humo ina sehemu mbili ambazo zingestahili kutazamwa pamoja. Ya kwanza ni picha za vilele na barafuto, yaani mito mikubwa ya barafu inayoteleza polepole sana kufuata mteremko, ambazo zilionyesha kwamba Ruwenzori si mlima mmoja wala si volkeno kama Kilimanjaro au Virunga, bali ni kundi la milima sita tofauti, iliyotenganishwa na mabonde, juu ya jabali la kale lililosukumwa juu kati ya nyufa za ardhi. Ya pili ni picha za mabonde yenyewe, pamoja na lobelia zake zinazosimama kama mishumaa mikubwa kupita kimo cha mtu na senesio zake zenye mashina mazito na vichwa vya majani mapana. Katika picha hizo Sella, aliyezoea mistari mikali ya mwamba na theluji, alikutana na mandhari iliyojaa, laini, isiyo na upeo, na hakujaribu kuilazimisha ifanane na Alpi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hizo ndizo picha bora za safari nzima, kwa sababu ndani yake mtaalamu aliyebobea anaonekana akijifunza upya.

Ripoti kubwa ya msafara iliandikwa na daktari na msafiri Filippo De Filippi, ambaye hakuwamo safarini, na kuchapishwa mwaka 1908 ikiwa na picha za Sella na ramani. Milima sita ilipewa majina ya Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Huu wa mwisho Duke mwenyewe alikuwa amependekeza uitwe kwa jina la msafiri Joseph Thomson, lakini Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikaugeuza kumheshimu yeye. Juu ya mlima huo kipo pia kilele chenye zaidi ya mita 4,600 kinachoitwa Sella. Speke, aliyeitafuta Milima ya Mwezi kwenye ncha ya Ziwa Tanganyika, akapata hivyo jina lake juu ya mlima wa barafu ambao hakuwahi kuuona.

Picha hizo hazikuthibitisha kwamba Ptolemaio alikuwa akiizungumzia Ruwenzori, na isingefaa kuzidai hivyo, kwani mtu wa karne ya 2 aliyeandika kwa habari za kusikia hawezi kupigiwa picha. Zilichofanya ni kuondoa swali kutoka mikononi mwa wenye kukisia. Wala hazikufuta nafasi ya Burundi katika habari za Nili: chemchemi ya kusini kabisa ya mto huo iko Kasumo, karibu na Rutovu, kusini mwa nchi, mahali palipojengwa piramidi ndogo ya mawe mwaka 1938, na maji yake hupita Ruvubu na Kagera kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Kwa hesabu ya umbali, basi, milima ya mwami Mwezi ina sehemu yake ya ukweli; kwa hesabu ya theluji, ukweli uko Ruwenzori.

Thamani nyingine ya kazi ya 1906 haikuweza kujulikana na Sella wala na Duke. Wakati wao barafu ya safu hiyo ilifunika, kwa makadirio yaliyofanywa baadaye, takriban kilomita za mraba 6.5, na kulikuwa na barafuto juu ya milima yote sita. Vipimo vya setilaiti vilionyesha kilomita za mraba 2 hivi mwaka 1987, na mwaka 2003 chini ya kilomita moja, barafu ikiwa imebaki katika mitatu tu, yaani Stanley, Speke na Baker. Wanasayansi wamebishana juu ya uzito wa kila sababu, wengine wakisisitiza kupanda kwa joto, wengine wakiongeza kupungua kwa unyevu na mawingu tangu mwishoni mwa karne ya 19, lakini pande zote mbili huanzia mahali pamoja, kwenye hali ya 1906, na picha za Sella ni sehemu ya ushahidi wa hali hiyo. Mtafiti anayesimama mahali aliposimama yeye, akaelekeza kamera alikoielekeza yeye, hupata jozi ya picha inayoonyesha kwa mita hasa barafu imerudi nyuma kiasi gani, na jambo hilo linawezekana kwa sababu tu mpigapicha wa kwanza alikataa kupunguza uzito wa kioo chake kupita kiasi. Mkazi wa Gihosha ana sababu yake ya kuitambua hasara kama hiyo, kwa kuwa Mto Ntahangwa, unaoshuka kutoka milimani na kupita jijini, umekuwa ukimega kingo zake mvua baada ya mvua, na ni vigumu kumweleza aliyezaliwa baadaye ukingo ulikuwa wapi pale ambapo hakuna picha ya mahali hapohapo kabla ya kumegwa.

Sella aliendelea na Duke hadi Karakoram mwaka 1909, ambako msafara ulijaribu K2 bila kufanikiwa, kisha ukafika karibu na mita 7,500 kwenye mlima Chogolisa, rekodi ya urefu ya wakati huo, naye akapiga picha za barafuto ya Baltoro ambazo vizazi vya wapandaji vilizitumia kutafuta njia. Baada ya hapo safari kubwa zilikoma. Mmarekani Ansel Adams, mpigapicha mashuhuri wa mandhari ya milima ya nchi yake, alimwandikia sifa mwaka 1946, miaka mitatu baada ya kifo chake, akimweka katika safu ya mabwana wa fani hiyo. Mwaka 1935, akiwa na umri wa karibu miaka 76, Sella alijaribu tena kuipanda Matterhorn, akaacha baada ya mwongoza mlima mmoja kupata ajali. Alifariki Biella tarehe 12 Agosti 1943. Sahani zake zimehifadhiwa katika mji huohuo na wakfu wa ukoo wake, na miongoni mwake zimo zile zilizobebwa na Wakonjo kutoka Bujongolo, kioo kwa kioo, kushuka bonde la Mobuku.